Mbuzi Watatu na Godoro

Habari hii tunaiandika tukiwa wawili, mchungaji na mama mchungaji, kutoka Mitundu. Kalamu ameishika mmoja, lakini makosa yaliyomo ni yetu sote, na tumekubaliana kwamba hakuna atakayemsukumia mwenzake.

Swali tunalotaka kulizungumzia hutujia mlangoni, mara nyingi jioni. "Mchungaji, mtoto wangu ameitwa kwenye majaribio ya mpira mjini. Nimpeleke, au nitapoteza fedha?" Anayeuliza huwa ameshika simu, na katika simu hiyo kuna ujumbe wenye picha ya uwanja wa nyasi, tarehe, na namba ya kutumia ada. Hatumjibu haraka. Ujumbe kama huo uliwahi kuingia katika simu yetu wenyewe.

Kwa ninyi msiopafahamu kwetu, Mitundu ni kata ya Halmashauri ya Itigi, mkoani Singida, kusini mwa mji wa Itigi, kwenye barabara ya kwenda Rungwa. Watu wetu wanaishi kwa mahindi, alizeti, tumbaku, mifugo na asali. Uwanja wetu wa mpira ni wa vumbi, magoli yake ni ya miti na hayana nyavu. Kijana akicheza vizuri hapa, wanaomwona ni sisi tulio hapa. Ndiyo maana wito wa kutoka mjini, hata ukiwa wa mtu asiyejulikana, huonekana kama mlango uliofunguliwa na Mungu mwenyewe.

Kijana wetu anacheza beki wa kushoto. Mwezi Mei 2024 alikuwa kidato cha pili, ana miaka kumi na sita. Ujumbe ulitufikia kupitia kwa rafiki wa rafiki. Ulisema kwamba mwezi Juni, wakati wa likizo, kutakuwa na majaribio ya wazi Dodoma, na maskauti wa timu kubwa za ndani na nje ya nchi watakuwepo. Ada ilikuwa shilingi 120,000, na nafasi zilikuwa zinakwisha.

Tulisali. Hilo ni kweli, tulisali. Lakini leo tukijichunguza tunaona kwamba tulikuwa tumeshaamua kabla ya kupiga magoti, na sala yetu ilikuwa ya kumjulisha Mungu. Tulikuwa tumeshaanza kusikia jina la mtoto wa mchungaji wa Mitundu likitajwa redioni.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Ada 120,000. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, 100,000. Njumu mpya 45,000. Malazi na chakula 75,000. Jumla 340,000. Tuliuza mbuzi watatu, tukapata 240,000, na zilizobaki tukazikopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa.

Mbuzi hao walikuwa na kazi nyingine. Binti yetu, dada yake kijana, alikuwa amefaulu mtihani wa kidato cha nne na kuchaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni katika mkoa mwingine. Ada ya kidato cha tano na sita Serikali iliiondoa mwaka 2022, lakini fomu ya maelekezo bado ilikuja na orodha yake ndefu: godoro, shuka, tranka, ndoo, sare, viatu. Alitakiwa kuripoti mwanzoni mwa Julai. Tulijiambia kwamba kufikia Julai Bwana atakuwa ametoa. Binti mwenyewe hatukumwuliza. Alikuwepo jikoni tulipokuwa tunahesabu, anachambua mboga.

Jumapili kabla ya safari tulimsimamisha kijana mbele ya madhabahu, tukamwombea. Baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, mzee mmoja wa kanisa alinunua jogoo, akamkabidhi kijana na kumwambia aende akale Dodoma. Washarika walipiga vigelegele.

Dodoma walikuja vijana zaidi ya mia mbili. Wengine walitoka mbali kuliko sisi, wengine hawakuwa na mzazi. Waligawanywa katika timu bila kuulizwa wanacheza namba ngapi, na kila timu ikapewa dakika ishirini. Kijana wetu aliwekwa mbele, upande wa kulia. Tulihesabu: aligusa mpira mara nne. Kila mmoja alitaka kuonekana, kwa hiyo hakuna aliyempa mwenzake pasi. Beki mzuri hujulikana kwa jinsi anavyowapanga wenzake na kuziba nafasi mapema, na hayo hayawezi kuonekana katika kundi la vijana wasiojuana majina. Tulipogeuka kulitazama jukwaa ili tuwaone hao maskauti, tuliona wazazi watupu, wameshika chupa za maji, kila mmoja akimtazama wa kwake. Mwandalizi aliandika namba zetu za simu, akasema, "Tutawapigia." Hakupiga. Baada ya wiki mbili namba yake ikawa haipatikani.

Tulirudi. Jumapili iliyofuata kila mtu alimwuliza kijana, "Vipi, umepata?" Waliuliza kwa upendo. Aliwajibu wote, mmoja mmoja, kisha wiki tatu hakuja kanisani, na njumu akazitundika msumarini. Aibu ile tuliitengeneza sisi, tulipoifanya safari ya mtoto kuwa tangazo la usharika.

Na binti? Aliripoti shuleni siku tisa baada ya wenzake, akiwa na godoro la bibi yake ambalo panya walikuwa wamelila upande mmoja. Hakulalamika. Desemba aliporudi likizo tulimketisha, tukamwomba msamaha kwa ajili ya lile godoro. Alinyamaza kidogo, akasema, "Godoro si kitu. Ila Juni ile nzima, kwenye sala ya jioni, jina langu halikutajwa." Tulipojaribu kukumbuka, tuliona ni kweli. Tulimtaja kijana kila jioni, tukataja Dodoma, tukataja hata dereva wa basi. Binti aliyefaulu hatukumtaja. Godoro jipya lilikwenda naye Januari, lakini neno lile lilibaki nyumbani.

Tumehubiri mara nyingi juu ya nabii Samweli nyumbani kwa Yese, katika sura ya 16 ya kitabu cha kwanza cha Samweli. Hayo nayo yalikuwa majaribio. Vijana walipitishwa mbele ya mtazamaji mmoja baada ya mwingine, na nabii mwenyewe nusura achague kwa urefu na sura. Walipita saba, na aliyetakiwa hakuwa kwenye mstari, alikuwa malishoni na kondoo. Zamani, tukihubiri, tulimwangalia Daudi tu. Siku hizi tunamwangalia pia Yese, baba aliyewapanga watoto saba mbele ya mgeni na kumsahau mmoja porini. Tunamfahamu mtu huyo.

Tunakumbuka pia Katekisimo Ndogo, ambayo kila aliyepata kipaimara kwetu ameikariri. Katika ombi la nne la Sala ya Bwana, Luther alipoeleza maana ya mkate wa kila siku hakuishia kwenye chakula. Alitaja pia mavazi, nyumba, shamba, mifugo, fedha, na hata majirani wema. Kwa hiyo mbuzi wetu wamo katika ombi lile, na godoro limo. Na mkate ule tunauomba uwe wetu sote, hata wa yule mtoto asiyeomba kitu.

Je, basi, majaribio ni mabaya? Wapo wazee waliotuambia kwamba tumepata tulichostahili, kwamba mpira ni mambo ya dunia na kijana aachane nao. Hapo hatukubaliani nao. Luther alifundisha kwamba mkulima shambani na mama anayemlea mtoto wana wito kutoka kwa Mungu sawa na mhubiri. Mguu mzuri wa kushoto ni kipawa, kama sauti nzuri katika kwaya. Mwimbaji tunampa nafasi aimbe, na mchezaji naye anahitaji kuonwa na mtu anayejua kazi hiyo. Tatizo letu lilikuwa kwamba hatukujua tofauti kati ya kuonwa na kulipia kutazamwa.

Tofauti hiyo tulisaidiwa kuiona na mgeni. Usharika wetu ulipata wageni kutoka Marekani, na mmoja wao alikuwa mzee aliyewahi kufundisha besiboli katika shule ya sekondari. Besiboli, kwa asiyeijua, ni mchezo wa kurusha mpira mdogo mgumu na kuupiga kwa gongo. Alipoisikia habari yetu alitikisa kichwa, akasema hata kwao ipo. Huko wazazi hulipa mamia ya dola kumpeleka mtoto kwenye maonesho ya siku moja au mbili. Mtoto hukimbizwa yadi 60 na kupimwa kwa saa, hurusha mpira na kasi yake hupimwa kwa mashine, hupiga mipira kadhaa, na makocha wa vyuo wanatarajiwa kuwa kando wakiandika. Tulimwuliza kama inafaa. Alisema inamfaa yule ambaye tayari kuna kocha anayetaka kumwona, na ambaye tayari ana kitu cha kupimwa. Asiyefikia hapo aendelee na mazoezi, acheze mechi za shule, na amwandikie kocha barua, ambayo haina gharama. Tulicheka. Bahari nzima iko kati yetu, na kumbe wazazi wa pande zote mbili wanauza mbuzi walewale.

Tukaanza kuwaangalia waliofika. Mbwana Samatta hakupatikana na TP Mazembe kwenye majaribio ya kulipia. Mwaka 2011 alikuwa anaichezea Simba, Simba ikakutana na Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na wapinzani wake wenyewe ndio waliomtaka. Kutoka Lubumbashi alikwenda Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, na mwaka 2020 Aston Villa ya Uingereza. Alionwa akiwa kazini.

Hapa Singida tunaye Alphonce Simbu, mzaliwa wa Ikungi. Septemba 2025 alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, akawa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstarini itazamwe. Siku ile kila mtu mkoani kwetu alikuwa ndugu yake. Lakini alikuwa wa tano Rio mwaka 2016, na wa tatu London mwaka 2017. Kutoka London hadi Tokyo ni miaka minane. Ni asubuhi ngapi katika miaka hiyo alikimbia bila hata mtu mmoja wa kumpigia makofi? Tunawaambia hivyo vijana wa kipaimara, kwa sababu wao wameiona Tokyo peke yake.

Kutokana na hayo, mzazi anayekuja mlangoni sasa tunampa kiti na chai, na tunamwuliza mambo manne.

La kwanza, nani amemwita mtoto, na amemwona wapi akicheza? Anayemwita mtoto ambaye hajawahi kumwona ameita ada yake tu. La pili, fedha inakwenda upande gani? Timu inayomtaka mchezaji hukubali kugharimika. Anayeishi kwa ada za majaribio hahitaji mchezaji mzuri, anahitaji kundi jipya mwezi ujao. La tatu, nani mwingine nyumbani atailipia safari hii? Hapo tunamwomba mzazi awaite watoto wote mkekani, hasa yule mkimya. La nne tunamwuliza kijana mwenyewe: ukikataliwa, kesho yake utacheza? Yesu katika Injili ya Luka alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza huketi na kuhesabu gharama. Sisi tulihesabu shilingi tukadhani tumemaliza.

Tunaongeza jambo moja kwa wale wanaoahidiwa Ulaya. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa katika kanuni hizo. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na hawezi kuzungumza na mtoto habari za mkataba bila ridhaa ya maandishi ya mzazi. Mtu anayeahidi kumpeleka Ulaya mtoto wa miaka kumi na sita, na anataka fedha kabla ya Ijumaa, mwacheni apite.

Kijana wetu alirudi uwanjani mwaka 2025, na hakurudi kwa maneno yetu. Mwalimu wake wa michezo alikuja nyumbani, akamwambia kwamba timu ya shule haina beki wa kushoto. Alizitoa njumu msumarini. Alicheza UMISSETA, kuanzia shuleni hadi akaitwa kambi ya mkoa, bila sisi kuulizwa ada ya majaribio. Katika timu iliyokwenda mashindano ya taifa jina lake halikuwemo. Lakini kocha wa timu ya vijana ya klabu moja alikuwa amezitazama mechi zile, na miezi michache baadaye alimpigia mkuu wa shule. Alitaka kumwona kijana kwa siku nne mwezi Desemba, baada ya mitihani. Malazi na chakula vingekuwa juu yao, nauli juu yetu.

Safari hii tuliketi wote mkekani, na binti alikuwa amerudi likizo. Tulijiuliza yale maswali manne. Mkuu wa shule alituthibitishia kwamba amezungumza na kocha, nasi tukapiga simu klabuni wenyewe. Binti aliulizwa, akasema, "Aende, lakini nauli aitafute yeye." Tulicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa: alilima vibarua wiki mbili katika mashamba ya mahindi ya majirani. Kanisani hatukutangaza. Tulimwombea nyumbani, na baada yake tukamwombea dada yake aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita, na wadogo zao mmoja mmoja kwa jina.

Hakuchukuliwa. Kocha alikaa naye akamweleza sababu, jambo ambalo kule Dodoma hakuna aliyelifanya. Alimwambia kwamba anausoma mchezo vizuri, lakini bado hana nguvu ya dakika tisini, na mguu wa kulia hautumii kabisa. Akamwambia aje tena akimaliza kidato cha nne.

Tulimsubiri kituo cha basi tukiogopa kuuona uso ule wa mwaka wa kwanza. Alishuka, akasalimia, akauliza kama kuna chakula. Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, tuliamshwa na mpira unaogonga ukuta wa nyuma ya nyumba. Mmoja wetu alichungulia dirishani. Alikuwa anaupiga kwa mguu wa kulia, unakwenda ovyo, anaufuata, anaurudisha.

Mkituuliza kama siku zile nne zilifaa, tunasema zilifaa, ingawa hakupata kitu cha kuonesha mtu. Alikwenda akiwa ameonwa, akarudi akiwa ameambiwa ukweli, na hakuna mtoto mwingine aliyelala vibaya kwa ajili yake. Kama atafika mbali, hilo tumemwachia Mungu, ambaye hakuhitaji kumwita Dodoma ndipo amwone.

Wazazi wenzetu, tunawaombea ninyi mnaoushika ujumbe wa namna hiyo usiku huu. Kabla ya kutuma ada, watajeni watoto wenu wote kwa majina mbele za Mungu, na mumwulize kabla ya kumjulisha. Kisha muamue. Bwana awabariki na kuwalinda.